Taa za Noeli na Umeme wa Kolwezi

Desemba ni mwezi wa mvua huko Kolwezi. Radi hupiga mchana kweupe, barabara za udongo za Manika hugeuka tope jekundu, na sokoni, kando ya ndoo za maembe, huanza kuonekana vifurushi vya taa za Noeli: waya mwembamba wa kijani wenye vitaa mia moja, kisanduku cha plastiki chenye kitufe cha kubadilisha mtindo wa kumeta, na karatasi yenye maandishi ya Kichina. Nyingi zimetoka Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang unaotengeneza sehemu kubwa ya mapambo ya Noeli ya dunia nzima. Mnunuzi huuliza bei, huomba zijaribiwe kwenye betri ya muuzaji, kisha hutupa swali lenye uzito zaidi: zinakula umeme kiasi gani?

Ni swali la haki. Kolwezi ni mji mkuu wa mkoa wa Lualaba, kitovu cha shaba na kobalti ya Kongo, na ndipo inapoishia njia ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi kutoka mabwawa ya Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki. Hata hivyo familia nyingi mjini humo hupika kwa makaa na kumulika kwa tochi, na mgao, delestaje kama uitwavyo huko, haupumziki hata tarehe 25 Desemba. Mtu akitundika taa za urembo katika mji wa namna hiyo, jirani ana sababu ya kuuliza kama huo si ufujaji. Kumjibu vizuri kunataka kurudi nyuma karibu miaka mia moja na kuangalia umeme wa Katanga ulizalishwa kwa ajili ya nani, na nyumba ya mfanyakazi ilisimama wapi kwenye foleni.

Foleni hiyo ilianza kabla ya taa yenyewe. Mwaka 1891 na mwanzoni mwa 1892, misafara ya watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilifika Bunkeya mmoja baada ya mwingine, kwa Mwami Msiri, aliyekuwa ameishika mkononi biashara ya shaba, chumvi na pembe za ndovu. Paul Le Marinel alitangulia, akafuata Alexandre Delcommune, kisha Kapteni Stairs, ambaye watu wake walimpiga Msiri risasi na kumuua tarehe 20 Desemba 1891, siku tano kabla ya Noeli. Wiki chache baadaye wakaingia Bia na Francqui, wakiwa na mwanajiolojia Jules Cornet, aliyeandika habari za utajiri wa madini uliokuwa chini ya udongo ule.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Ilipohitaji umeme mwingi, ilikwenda kwenye maporomoko ya mito, na mitambo iliyojengwa ikapewa majina ya wanaume wale wale. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita ya Cornet, ulianza kazi mwaka 1930 na ukaitwa Francqui. Koni, chini kidogo ya hapo, ukaitwa Bia. Kwenye mto Lualaba, jirani na Kolwezi, Nzilo ukawa Delcommune mwaka 1952, na Nseke ukawa Le Marinel mwaka 1956. Nzilo ulijengwa kutoa megawati 108, Nseke megawati 248. Majina ya Kiafrika yalirudi baada ya uhuru, lakini mpango wa nyaya haukubadilika: zilitoka bwawani zikaenda kwenye kiwanda kwanza.

Sababu yake inaeleweka ukisimama kwenye ukumbi wa kusafishia shaba. Mawe ya madini husagwa na kuyeyushwa katika asidi, kisha maji hayo ya buluu huingizwa kwenye matangi marefu yaliyopangwa safu kwa safu. Humo huning'inizwa mabati, umeme unapita mchana na usiku, na shaba hujishika juu ya bati taratibu, siku baada ya siku, mpaka iwe sahani nzito nyekundu. Kwa njia hii tani moja ya shaba humeza karibu kilowati-saa 2,000, au uniti 2,000 kwa lugha ya wenye mita. Shituru, kule Likasi, ilianza kazi hiyo mwaka 1929. Luilu, pembeni mwa Kolwezi, ilianza mwaka 1960. Tarakimu ya uniti 2,000 inafaa kushikwa kichwani, kwa kuwa ndiyo mizani ambayo taa za Noeli zitapimwa nayo.

Mji wa Kolwezi wenyewe ulikua kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 kama mji wa kampuni. Kulikuwa na mji wa Wazungu, wenye nyumba za bustani na klabu, na kulikuwa na kambi za wafanyakazi, zilizotengwa nao kwa uwanda wa wazi. Wabelgiji walikuja na desturi zao za Desemba: Mtakatifu Nikola wa tarehe 6 anayewaletea watoto zawadi, na mti wa Noeli wenye mapambo. Kambini, kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, shule na hospitali, na kwa hayo ikahesabu kuwa imetimiza wajibu. Taa za rangi zilikuwa za kutazamwa kwa mbali na waliotoka zamu ya usiku.

Na wakati huo umeme haukuwa haba. Mwaka 1956, mara tu Nseke ulipokamilika, njia ya kilovolti 220 ilivutwa kutoka Katanga kuvuka mpaka hadi Kitwe, na migodi ya Rhodesia Kaskazini ikanunua umeme wa Kongo hadi bwawa la Kariba lilipoanza kuzalisha mwisho wa mwaka 1959. Umeme wa Lualaba ulivuka mpaka wa dola nyingine kabla haujavuka uwanda ule na kuingia kila nyumba ya kambi. Hilo si jambo la mto wala la fundi. Ni uamuzi uliofanywa na watu ofisini.

Taa za Noeli za enzi hiyo zilikuwa mzigo kweli. Historia yake ilianzia New York mwaka 1882, pale Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipouvisha mti wa sebuleni kwake balbu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu. Kwa miongo mingi zilibaki anasa ya matajiri, kisha viwanda vikazishusha bei. Balbu kubwa ya nje iliyoenea katikati ya karne ya 20 ilikuwa ya wati 7 hivi. Tundika mia, uziwashe saa tano kila usiku kwa mwezi mmoja: uniti 105. Sehemu kubwa ya umeme huo haikuwa mwanga hata kidogo, ilikuwa joto. Aliyewahi kushika balbu ya waya iliyokaa ikiwaka anajua vidole vyake vilisema nini.

Kwa hiyo serikali zilipobanwa, taa za sikukuu zilikuwa za kwanza kuguswa. Desemba 1973, baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta, mti wa taifa mjini Washington haukuvishwa taa kama miaka iliyotangulia, na jimbo la Oregon likapiga marufuku taa za urembo. Zaire ya Rais Mobutu, kama Kongo ilivyoitwa enzi hizo, mwaka huohuo ilikuwa ikielekea upande mwingine kabisa. Bei ya shaba ilikuwa nzuri, na nchi ilikuwa ikiingia katika ujenzi wa njia ya Inga-Shaba, Shaba likiwa jina la Katanga wakati huo: umeme wa mkondo mnyoofu, wa volti 500,000, kutoka Inga hadi kituo cha kuugeuza pale Kolwezi. Kazi ilipewa kampuni ya Kimarekani ya Morrison-Knudsen. Walikuwepo waliosema wakati ule kwamba mito ya Katanga bado ilikuwa na maporomoko ya kutosha, na kwamba gharama yote ile ya kuvuka nchi ilikuwa na shabaha nyingine: mkoa uliojitenga mwaka 1960 chini ya Moïse Tshombe sasa ungewashwa na kuzimwa kutoka magharibi.

Ujenzi ulichelewa kwa miaka. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilipita humo humo, na Mei 1978 Kolwezi yenyewe ilivamiwa, damu nyingi ikamwagika, kabla ya askari wa Kifaransa kushuka kwa miavuli. Njia ilikamilika mwaka 1982, gharama ikiwa imepita dola milioni 500. Ilivuka misitu, nyika na mamia ya vijiji, na kwa kuwa umeme wa aina hiyo haukatwi katikati bila kituo ghali cha kuugeuza, vijiji hivyo havikupata hata balbu moja. Watoto walikua wakichezea chini ya nguzo zilizobeba umeme wa Inga, jioni wakirudi nyumbani kwenye koroboi.

Noeli nayo ilikuwa imekutana na siasa. Mwaka 1974 Mobutu aliiondoa kwenye orodha ya sikukuu za taifa, akaifanya siku ya kazi. Siku ya kushangilia iliyobaki na uzito mwisho wa mwaka ilikuwa 24 Novemba, ukumbusho wa yeye kuchukua madaraka mwaka 1965. Watu hawakuacha kusali wala kupika. Mkesha ulifanyika, nyimbo ziliimbwa, na asubuhi mfanyakazi wa Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière baada ya utaifishaji wa 1967, alivaa buti akaenda zamu. Yapo mengi ya kumlaumu nayo Mobutu, lakini hili la kumnyang'anya mchimbaji siku yake moja ya kukaa na watoto lilikuwa la uchungu wa pekee, na wazee wa Kolwezi wana haki ya kutolisahau.

Kisha giza likaja kwa mlango mwingine. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilibomoka, mwaka uliofuata nchi ikatikiswa na uporaji, kisha yakafuata machafuko ya kuwafukuza Wakasai kutoka Katanga. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani 30,000 hivi. Mgodi wa wazi hauwezi kubaki mkavu bila pampu, na pampu haiendi bila umeme na vipuri. Maji yakapanda. Shimo la Mashamba Mashariki, lililokuwa limechimbwa ngazi kwa ngazi kwa baruti na malori makubwa, likawa ziwa la kijani lililotulia. Shimo la KOV, jirani yake, nalo likajaa.

Ndiyo miaka ambayo nyaya za mji zilianza kutoweka. Shaba iliyokuwa imewekwa ukutani na mitaroni ilikatwa usiku na kuuzwa kwa kilo, na nguzo za Inga-Shaba zikafunguliwa vyuma vyake huko mbugani. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa waondoke, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Pamoja na ajira iliondoka posho, ikaondoka hospitali ya bure, na nyumba iliyozoea kutunzwa na kampuni ikabaki na waya uliokatika ambao hakuna fundi aliyetumwa kuja kuuunga. Kwa familia hizo, taa ya Noeli ilirudi kuwa mshumaa ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa.

Mashimo yalifunguliwa tena. Mashamba Mashariki yalibaki kwa Kamoto Copper Company, ambayo leo iko chini ya Glencore, na maji yakavutwa nje. Mashamba Magharibi pamoja na Dikuluwe yalikwenda kwa Sicomines, ubia wa Wachina na Gécamines uliotokana na mkataba wa mwaka 2008 wa madini kwa miundombinu. Mwaka 2015 Lualaba ikawa mkoa unaojitegemea, Kolwezi makao yake. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikashika nafasi ya pili duniani nyuma ya Chile.

Umeme haukuongezeka kwa kasi hiyo. Migodi ilifufua mitambo ya zamani kwa fedha zake: Mwadingusha, baada ya zaidi ya miaka 90, ulirudishwa kwenye gridi mwaka 2021 kwa ushirika wa Ivanhoe Mines na SNEL, shirika la umeme la taifa. Sicomines ikajenga bwawa jipya la Busanga, megawati 240, kwenye mto ule ule wa Lualaba ambao wakosoaji wa Inga-Shaba waliutaja miaka ya 1970. Bado haikutosha, na njia ile ya mwaka 1956 sasa inafanya kazi kinyumenyume: Kongo ndiyo inayonunua umeme kutoka kusini. Kariba lilipopungua maji mwaka 2024 na Zambia ikakaa gizani kwa saa nyingi za siku, migodi ya Lualaba ililazimika kutegemea zaidi jenereta za dizeli. Nyumba za Manika hazikuwa na jenereta za kutegemea.

Sasa turudi kwenye kifurushi cha sokoni. Taa zake si zile za wati 7. Ni za LED, teknolojia iliyokamilishwa na taa ya buluu ya Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Vitaa mia kwa pamoja hula wati 5 hivi. Saa tano kwa usiku, mwezi mzima: robo tatu ya uniti. Resho ya umeme ya wati 1,000, ile ya koili nyekundu inayotumika umeme ukirudi, humaliza zaidi ya kiasi hicho katika saa moja ya kuchemsha maharagwe. Na ile tani moja ya shaba ya kwenye matangi? Umeme wake ungewasha taa za Noeli za nyumba zaidi ya 2,600 kwa Desemba yote. Waya mwembamba wa taa hizo mara nyingi una shaba ndani yake, na China ndiyo mnunuzi mkubwa wa shaba ya Kongo. Si ajabu kipande chake kikawa kilitoka Mashamba, kikavuka bahari mara mbili, na kurudi kikiwa kimefungwa kwenye karatasi.

Kwa upande wa umeme, basi, jirani anaweza kutulia. Gharama halisi imejificha nyuma ya ukuta, na hapo ndipo anayeipenda familia yake anapotakiwa kuangalia. Jenereta ndogo ya petroli hunywa karibu nusu lita kwa saa hata ikiwa na mzigo mwepesi. Ikiwashwa saa tano kila usiku kuanzia mwanzo wa Desemba hadi Bonane, yaani Mwaka Mpya, ni lita 75 na zaidi, na moshi wake huingia dirishani. Kuiwasha kwa ajili ya wati 5 ni hasara tupu, tena ni hatari mtu akiifungia ndani akihofia wezi. Wengi wamegundua njia iliyo bora: paneli ndogo juu ya bati na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, ile inayotumika kwenye pikipiki na ving'ora. Ukitumia nusu tu ya chaji yake ili isife mapema, inawasha taa hizo saa nane. Tatizo ni kwamba Desemba ni mwezi wa mawingu, na paneli iliyotosha Agosti inaweza isijaze betri siku ya mvua. Anayeijua hali hiyo huweka paneli kubwa kidogo, au huwasha taa zake mkesha na siku mbili tatu za sikukuu tu.

Hatari nyingine ni maungio. Pale ambapo nyumba nyingi zimejiunga zenyewe kwenye waya mmoja, kabini ya mtaa, yenye transfoma, huzidiwa jioni ya sikukuu, wakati wote wanapopika na kupiga muziki kwa mpigo. Ikilipuka, mtaa mzima hukaa bila umeme kwa wiki kadhaa, na mara nyingi wakazi wenyewe ndio huchangishana ili transfoma inunuliwe. Taa za LED si chanzo cha mlipuko huo, ingawa ndizo zinazoonekana na kunyooshewa kidole. Anayetaka kuipunguzia kabini mzigo aanze na resho na pasi.

Yapo malalamiko yenye uzito zaidi. Hoteli na maduka makubwa ya barabara kuu huzungushiwa taa kuanzia paa hadi lango, zikisukumwa na jenereta kubwa, huku zahanati ya mtaa wa nyuma ikizalisha mama kwa mwanga wa simu. Kiasi cha umeme wa taa hizo ni kidogo, kweli, lakini anayepita hapo akitoka zahanati haoni kilowati, anaona nani amekumbukwa. Aliyeiweka zahanati gizani hakuwa mwenye taa za Noeli, walikuwa wapangaji wa nyaya, tangu enzi za Francqui.

Nyumba 100,000 zikiwasha taa hizo kwa wakati mmoja zingehitaji nusu megawati. Nzilo peke yake, bwawa la mwaka 1952, lilijengwa kutoa zaidi ya mara mia mbili ya hapo. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, ikaruhusu kampuni nyingine kuzalisha na kusambaza. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 nayo inaitaka kila kampuni ya uchimbaji kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kwa mkoa unaouza shaba na kobalti ya mabilioni ya dola, fungu hilo linatosha kununua transfoma nyingi, na mitaa inayozingoja inajulikana kwa majina: sehemu kubwa ya Manika, pembezoni mwa Dilala, na vijiji vinavyotazama mashimo ya Mashamba yakiwaka taa za kazi usiku kucha.